MTU MMOJA, KAZI NYINGI: JE, HUKO NI KUTANGATANGA?

Na Mwandishi Wetu

Watu wawili wakikutana mjini kwa mara ya kwanza, iwe arusini, msibani au ndani ya basi lililokwama barabarani, hawakawii kuulizana maswali mawili. La kwanza ni la asili: "Kwenu wapi?" La pili ni la riziki: "Unafanya kazi gani?" Swali hili la pili, ndugu msomaji, lina mtego ndani yake, kwa sababu muulizaji hutazamia jibu la neno moja. Mwalimu. Muuguzi. Dereva. Karani. Aliye na neno hilo hulitamka kwa sauti iliyonyooka, na mazungumzo yakaendelea.

Lakini wako wengi katika miji yetu ambao hawana neno moja la kujibu. Mfikirie mtu aliyeanza maisha ya kazi kwa kupakua mizigo bandarini, akaingia kiwandani akaendesha mtambo wa kufuma nguo, kiwanda kilipofungwa akalinda maghala usiku, huko akajifunza kupaka rangi nyumba kutoka kwa fundi mmoja, na leo ana kibanda cha kuuza vifaa vya ujenzi, huku akiwa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwake. Mtu huyo akiulizwa kazi yake, aghalabu huinamisha macho akasema: "Nabangaiza tu."

Neno hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kubangaiza ni kuhangaika bila mpango, ni kuokota kinachopatikana ili siku ipite. Anayelitamka juu yake mwenyewe huwa ameyafuta kwa mkupuo mmoja maarifa ya miaka mingi, na kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi watoto wake wako pale pale, wanasikiliza. Hujifunza kwamba baba au mama yao hakuwa kitu maalumu. Kisha wao nao, wakikosa ile kazi moja waliyoiota shuleni, hujihesabu kuwa wameshindwa maisha kabla hawajafika umri wa miaka thelathini.

Je, ni kweli kwamba aliyefanya kazi nyingi ametangatanga? Makala haya yanajibu kuwa si lazima iwe hivyo. Lakini jibu hilo lina masharti yake, nayo yafaa tuyatazame kwa utulivu.

WAHENGA WALIONYA NINI?

Wapo watakaotukumbusha mara moja kwamba wahenga walikwisha kulisema jambo hili. Mshika mawili moja humponyoka. Mtaka yote hukosa yote. Njia mbili zilimshinda fisi. Mzazi anayemwona kijana wake ameacha ufundi seremala akaenda kujifunza umeme hana haja ya kutunga hotuba. Methali hizi tatu zinamtosha.

Hata hivyo, tumsikilize fisi vizuri. Kosa lake halikuwa kwamba katika maisha yake alipita njia mbili. Kosa lake ni kwamba alifika njia panda akataka kuzifuata zote mbili kwa wakati ule ule, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule, hata akapasuka. Methali hiyo inamwonya mwenye pupa. Haimsemi mtu aliyefuata njia moja hadi mwisho wake, akachukua alichokikuta huko, kisha akashika njia nyingine. Tena wahenga hao hao ndio waliotuachia msemo kwamba ujuzi hauzeeki, na kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi.

Aidha, maisha yao wenyewe hayakuwa ya kazi moja. Mtu wa pwani aliishi kwa kufuata pepo na mvua. Masika yakiingia alikuwa shambani. Bahari ikiwa shwari aliingia majini na mshipi wake. Kusi kali ikichafua bahari alikaa nchi kavu akashona nyavu, akakalafati chombo, akasuka makuti ya kuezekea nyumba. Jioni mtu huyo huyo huenda alikuwa mpiga ngoma au msuluhishi wa magomvi ya kijiji. Bara nako mhunzi alikuwa na shamba lake, na mganga alikuwa na mifugo yake. Hakuna aliyemtaka achague kazi moja na kuziacha nyingine. Alijulikana kwa jina lake, si kwa cheo chake.

Basi mawazo ya kazi moja tangu ujana hadi uzeeni yalitoka wapi? Kwa sehemu kubwa yaliletwa na ofisi ya mkoloni, iliyokuwa na ngazi zake, madaraja yake na kiinua mgongo mwishoni. Baada ya uhuru, serikali, viwanda na mashirika ya umma viliwapa wafanyakazi wengi utulivu wa namna hiyo, na lilikuwa jambo jema, kwani mshahara wa uhakika ulijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini tusisahau kwamba utaratibu huo ni mchanga katika historia yetu, na kwamba haukuwahi kuwafikia wananchi walio wengi. Kuufanya kipimo cha utu wa kila mtu ni kuwapima samaki kwa pishi ya mchele.

MUUZA VYUNGU, KARANI NA MWIGIZAJI

Tuache nadharia, tuwatazame watu waliopata sifa katika nchi yetu.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watu maskini waliotokana na utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alijifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake, akawa anavitembeza kuviuza, akinadi kwa sauti njiani. Alikuwa tayari mtu mzima alipohamia mjini, mnamo mwaka 1911, na huko akafundishwa kuimba taarabu. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambao sauti zao zilinaswa kwa lugha ya Kiswahili. Tangu zamani watu wamekuwa wakisimulia kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi vyungu. Kama ndivyo, basi ile miaka ya juani haikupotea, kwa maana ndiyo iliyokuwa shule yake.

Mtu aliyeandika wasifu wa Siti naye alikuwa mtu wa kazi nyingi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 kama karani wa forodha. Baada ya forodha alihamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya utawala mjini Tanga, na hatimaye ofisi ya upimaji ardhi. Leo tunamwita mshairi na baba wa fasihi ya Kiswahili. Lakini kwa miaka zaidi ya thelathini mshahara wake ulitokana na ukarani, na vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki baada ya kazi. Kama angeulizwa kazi yake kwa neno moja, je, angejibu "karani" au "mshairi"? Majibu yote mawili yangekuwa ya kweli, na kila moja peke yake lingekuwa pungufu.

Sasa tumtazame marehemu Mzee Rashidi Kawawa, aliyezaliwa Songea mwaka 1926 na kufariki dunia tarehe 31 Desemba 2009. Wananchi wanamkumbuka kama Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, Makamu wa Pili wa Rais, na Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Ni wachache, hasa miongoni mwa vijana, wanaojua kwamba alianza kama karani, akafanya kazi za ustawi wa jamii, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaigiza katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake. Mtazame vizuri: karani hujua jinsi makaratasi ya serikali yanavyotembea, mwigizaji hujua kusimama mbele ya watu, mtu wa ustawi wa jamii hujua shida zinazojificha ndani ya nyumba. Kiongozi wa wafanyakazi anahitaji mambo yote hayo matatu.

Bibi Titi Mohamed, kabla hajawa kiongozi wa kina mama wa TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji mashuhuri katika ngoma za kina mama wa Dar es Salaam. Vikundi vile vya ngoma vilikuwa na viongozi, michango, taratibu na wanachama waliojuana nyumba hadi nyumba. Ilipohitajika kuwaita wanawake kwenye mikutano ya kudai uhuru, njia zilikuwa zimekwisha chimbwa. Maisha yake ya baadaye yalipata misukosuko mikubwa: alishtakiwa katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972. Vyeo vyake vilikuwa vimeondoka, lakini ule uwezo wa kuwakusanya watu haukutokana na cheo, kwa hiyo haukuweza kuvuliwa pamoja nacho.

Na mwisho, kumbuka kwamba Rais wa kwanza wa nchi hii alikuwa mwalimu wa shule, aliyeacha kazi hiyo mwaka 1955 ili atumikie TANU. Akawa Waziri Mkuu, Rais, mfasiri wa tamthilia za Shakespeare, na baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 akarudi kijijini kwake Butiama akalima. Katika kazi zote hizo, wananchi waliendelea kumwita kwa jina la kazi yake ya kwanza: Mwalimu.

SWALI LA KUJIULIZA: ULITOKA NA NINI?

Mifano hii isitudanganye, ndugu msomaji. Si kila ahamaye kazi ana safari. Wapo wanaokimbia kila penye jasho. Wanaoacha kazi kwa sababu msimamizi aliwataka wafike saa moja kamili. Wanaojifunza kushona mwezi mmoja, kuchomelea mwezi wa pili, na mwezi wa tatu wakajiita mafundi wa vyote viwili. Kwao neno kubangaiza linafaa, na tusiwafiche.

Tofauti kati ya mtu huyo na yule tunayemsifu haitegemei hesabu ya kazi walizofanya. Inategemea kile ambacho kila mmoja alitoka nacho. Chukua kazi zako moja moja, ujiulize: nilipotoka pale nilikuwa najua nini ambacho sikukijua nilipoingia? Na je, ujuzi huo ninautumia leo?

Mrudie yule ndugu wa kibanda cha vifaa vya ujenzi. Bandarini alijifunza kupanga mzigo usianguke na kusoma alama za makasha. Kiwandani alijifunza kutunza mtambo na kutii saa. Katika ulinzi alijifunza kutambua mtu mwongo, na kuandika daftari la matukio kila usiku bila kuruka ukurasa. Katika rangi alijifunza kukadiria: ukuta huu utakula makopo mangapi. Sasa mtazame anavyofanya kazi. Ghala lake limepangika. Mashine yake ya kukatia mabati haiharibiki ovyo. Mteja akieleza vipimo vya chumba, yeye humwambia idadi ya makopo kabla hajamaliza kusema. Na wanachama wa chama cha kuweka na kukopa wamemkabidhi fedha zao kwa sababu daftari lake halina ukurasa ulioruka. Je, mtu huyu amebangaiza? La hasha. Amesoma miaka thelathini katika vyuo vitano, na ada amelipa kwa jasho.

MISHAHARA MIWILI NA SAA ZA MWAJIRI

Lipo jambo jingine lisilofaa kunyamaziwa. Kwa miaka mingi katika nchi yetu kufanya kazi zaidi ya moja kulitazamwa kwa jicho la shaka, na shaka hiyo ilikuwa na sababu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kupokea mishahara miwili au zaidi. Shabaha yake haikuwa kumzuia mtu kuwa na vipaji viwili. Shabaha yake ilikuwa kumzuia mwenye madaraka asile sahani mbili wakati jirani hana hata moja, na asiitumie ofisi ya umma kustawisha biashara yake. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kwa maamuzi yanayojulikana kama Azimio la Zanzibar, lakini swali la kimaadili liliobaki nyuma halijazeeka.

Mfanyakazi anayeuza vitenge ofisini saa nne asubuhi huku wananchi wamepanga foleni dirishani hana haki ya kujisifu kuwa ni mtu wa kazi nyingi. Anatumia saa alizokwisha kulipwa. Vivyo hivyo fundi anayepokea malipo ya awali kwa wateja sita ilhali ana mikono miwili tu. Kazi ya pili ni halali inapofanywa kwa saa zako, kwa zana zako na kwa nguvu ambayo hukumwahidi mtu mwingine. Ikivuka mpaka huo, fisi amefika njia panda.

DHORUBA YA MIAKA YA 1980 NA 1990

Tukiwahukumu wazee wetu waliobadili kazi mara nyingi, tukumbuke pia kwamba wengi hawakuchagua. Katika miaka ya 1980 thamani ya mshahara ilishuka vibaya sana, hata mshahara wa mwezi ukawa hautoshi kulisha familia kwa mwezi mzima. Walimu walifuga kuku. Makarani walilima bustani za mchicha mabondeni. Kina mama waliamka alfajiri kukaanga maandazi, na katika nyumba nyingi kipato cha maandazi kikaushinda mshahara wa baba. Wakati huo huo, Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na watu wengi waliokutwa mijini bila kitambulisho cha kazi walisombwa kupelekwa vijijini. Kwa hiyo mtu aliweza kuilisha familia yake kwa kazi tatu, na bado akahesabiwa kuwa hana kazi.

Kisha ukaja urekebishaji wa mashirika ya umma, ambao tume yake iliundwa mwaka 1992. Mamia ya mashirika yaliuzwa, yakagawanywa au yakafungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Mtu aliyekuwa mpiga chapa kwa miaka ishirini alikabidhiwa bahasha akarudishwa nyumbani. Waliosimama upesi hawakuwa lazima wale waliokuwa na vyeo vikubwa. Mara nyingi walikuwa wale waliojua kufanya jambo jingine: aliyekuwa akishona Jumamosi, aliyekuwa akiendesha gari, aliyekuwa na shamba lililolimwa kweli na si la kusimulia barazani. Kwao kazi ya pembeni iligeuka kuwa daraja.

GHARAMA ZAKE

Tusipambe mno. Maisha ya kazi nyingi yana gharama, na familia ndiyo huilipa. Kila anayeanza kazi mpya huanza chini, na kwa muda mapato hupungua. Mwajiri anayesoma orodha ndefu ya kazi humshuku mwombaji kuwa hana utulivu. Lakini gharama kubwa kuliko zote huonekana uzeeni, wakati wa pensheni.

Sheria zetu za hifadhi ya jamii zinadai mwanachama awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka kumi na mitano, ndipo apate pensheni ya uzeeni ya kila mwezi. Miezi hiyo si lazima iwe mfululizo wala kwa mwajiri mmoja, ila ni lazima iwe imechangiwa na kuandikwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, watumishi wa umma wamo katika mfuko wao, yaani PSSSF, na walio katika sekta binafsi na waliojiajiri wanahudumiwa na NSSF. Mama lishe, fundi cherehani na dereva wa bodaboda wanaweza kujiunga na kuchangia wenyewe kwa hiari. Marekebisho hayo pia yaliweka fao la kukosa ajira kwa mwanachama anayepoteza kazi bila kupenda na kutimiza masharti. Mwenye kazi moja huchangiwa na mwajiri bila kufikiri sana. Mwenye kazi nyingi inambidi awe mlinzi wa michango yake mwenyewe.

Kwa hiyo kila unapoacha kazi, dai karatasi zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Wengi huondoka kwa hasira au kwa haya bila kuidai, na miaka kumi baadaye hawana ushahidi kwamba waliwahi kufanya kazi pale. Na wewe uliyejifunza ufundi mtaani bila kukaa darasani, fahamu kwamba VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi hupimwa kwa kile anachokiweza, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi wamefaidika kwa njia hiyo. Cheti hakikuongezei ujuzi uliokwisha kuwa nao, lakini kinaufanya usomeke kwa mtu asiyekujua.

NDANI YA NYUMBA

Kuna mtu mmoja katika kila nyumba ambaye hajawahi kuwa na kazi moja, wala hatumwiti mtangatangaji. Mama huamka akiwa mpishi, saa moja ni mwalimu, saa tatu ni mfanyabiashara sokoni, mchana ni muuguzi wa bibi mgonjwa, jioni ni mweka hazina wa mchezo wa upatu, usiku ni hakimu wa ugomvi wa watoto. Anapoulizwa kazi yake, hujibu, "Mimi niko nyumbani tu." Lile neno "tu" ni ndugu wa toka nitoke na neno "nabangaiza". Ukitaka kulipima, muulize ni nani huuziwa kwa mkopo na mwenye duka wakati baba amesafiri, na kwa nini.

Na pale baba au mama anapofikiria kuacha kazi iliyopo na kushika nyingine, shauri hilo si la mtu mmoja. Wakae wote wawili, waandike wazi: akiba iliyopo itatosha miezi mingapi? Ada ya shule itatoka wapi? Ni ujuzi gani unaohamia nasi, na ni upi tutakaoanza kuutafuta upya? Muda gani ukipita bila mafanikio tutarudi nyuma? Mume anayeacha kazi kimya kimya, mkewe akaja kuambiwa na jirani, amevunja jambo kubwa kuliko ajira.

Watoto nao waambiwe habari kamili, si kwa majigambo bali kwa mpangilio. Badala ya kumwambia kijana, "Mimi nilifanya hiki na kile," mwambie: "Bandarini nilijifunza hivi, kiwandani hivi, na leo ninavitumia hivi." Kijana anayesikia hivyo atajua kwamba kufukuzwa, kufungiwa kiwanda au kukosa nafasi chuoni kunaweza kumvunja mtu moyo bila kumfilisi maarifa. Atajua pia kwamba kila kazi, hata ya kufagia yadi, hudai kufanywa vizuri, kwani hajui ni ipi atakayokuja kuihitaji kesho.

Mabaharia wa zamani walikuwa na msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu huweza kutembea chombo chote, akaenda nyuma kwenye usukani na mbele penye mawimbi, lakini mwisho hurejea katikati, pale chombo kinapobebea uzito wake. Kazi zetu ni tezi na omo. Ngama ni ule uaminifu, ile bidii na ule ujuzi ambao tunahama nao kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mwenye kuulinda uzito huo wa katikati, abadili kazi mara moja au mara kumi, bado ni mtu mmoja, na maisha yake ni safari moja. Basi andika orodha ya kazi zako zote, ndugu msomaji, na mbele ya kila moja uandike ulichojifunza. Ukimaliza, iweke pamoja na vyeti vya watoto. Hiyo nayo ni mali ya familia.